Chumba Kilichokula Pumzi

Kiwanda kizima kilimwita Kufuli, na mwenyewe hakulichukia jina hilo. Alikuwa mtunza stoo, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuwa mkali kama jina lilivyomsingizia. Ila alipenda kitu kikae pale kilipowekwa, na aliyekitoa akirudishe kwa mkono wake mwenyewe, asimtume mtu.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Walinunua madini ya unga, wakayapima, wakayachanganya na kuyafunga kwenye mifuko kwa ajili ya wenye mashine za kusaga nafaka, ili chakula cha kila siku kimwongezee mlaji damu. Madini yaliyopita mikononi mwao kuliko yote yalikuwa chuma. Mtu akisikia chuma anawaza nyundo na nondo. Hiki kilikuwa unga wa kijivu, laini kuliko poda ya mtoto, na mzito ajabu. Ukichota kikombe kimoja tu mkono unashuka kama umepokea jiwe. Ulikuja ndani ya mapipa, kila pipa na mfuko mgumu wa nailoni ndani yake, na ubavuni kibandiko: hifadhi pakavu, penye kupita hewa, funga mara baada ya kuchota, vaa barakoa na glavu, weka mbali na moto. Kufuli alikuwa amekisoma kibandiko hicho mpaka macho yake yakaacha kukiona.

Unga wa chuma ulikaa chumba cha chini. Zamani jengo lilikuwa la kuoka mikate, na chumba hicho kilichimbwa ili ngano ikae mahali pa baridi. Ulikishukia kwa mteremko wa saruji, ukifika chini unakutana na mlango wa chuma, na nyuma yake chumba kirefu chenye dari ya kuinamia, taa moja, na kule mwisho, juu ukutani, dirisha dogo la nondo lililokuwa usawa wa majani ya nje. Mapipa yaliteremshwa na kupandishwa kwa toroli lililofungwa kamba, na kamba hiyo ilipita kwenye kapi juu ya mteremko.

Mwaka huo mvua zilinyesha kama zimetumwa. Maji yakaingia kwa lile dirisha, yakatuama chini ya mapipa ya nyuma. Bosi, mtu wa haraka haraka ambaye hata chai aliinywa amesimama, akaleta fundi mwashi, dirisha likazibwa kwa matofali siku hiyohiyo.

"Sasa hata sisimizi haingii," bosi akasema, akijipangusa mikono kana kwamba ndiye aliyejenga.

Na kweli sisimizi hakuingia. Lakini maji yaliyokwisha kuingia nayo hayakupata pa kutokea. Wapakiaji, katika kuyakimbiza mapipa yasilowe, walichana mifuko kadhaa ya ndani, na vifuniko vikarudishwa upande upande. Kufuli alilalamika. Akaambiwa asubiri jua. Akafunga mlango wa chuma, akaenda zake.

Aliporudi chini mara ya kwanza baada ya mvua kukatika, alikuta kuta zinatoa jasho. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni pipa. Aliliwekea kiganja ili alizungushe, akautoa mkono upesi. Lilikuwa na joto. Si joto la jua wala la moto. Lilikuwa joto la mwili, kama mgongo wa mtu aliyelala. Akagusa la pili, nalo lile lile. Akasimama katikati ya mapipa yale yenye joto, na usingizi mtamu ukaanza kumpanda kutoka miguuni, usingizi wa mtoto aliyeogeshwa akapakwa mafuta. Akawaza kwamba angeweza kukaa hapo kidogo. Hakuna aliyekuwa akimsubiri juu.

Ndipo akasikia mtu anapiga hodi.

Haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani, kule mwisho, kwenye ukuta uliozibwa. "Ho... di." Vipande viwili, katikati pumzi, kama anavyoita mtu aliyechoka na kazi lakini hataki kumshtua aliye ndani.

Damu ilimsimama. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kaka yake, na kaka yake walishamzika.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta juu ya mteremko ameshika ukuta, kichwa kinamgonga kama kinu, na mpakiaji mmoja anamuuliza kama ameona nyoka.

"Nimeteleza," Kufuli akasema.

Huyo kaka yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Alikuwa mtu wa taratibu, mwenye madoa ya rangi kwenye kope, na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wote: alipiga hodi kila mahali. Alipiga hodi jikoni kwake, alipiga hodi kwenye kibanda cha kuku. Mkewe alizoea kumtania mbele ya wageni, "Jamani, mwenye nyumba anaomba ruhusa!" Alikufa usingizini, hali ya kuwa mzima kabisa jioni yake. Na siku hiyo mkewe alikuwa amekwenda kumtazama mama yake, na Kufuli alikuwa kwenye harusi ya jirani. Majirani ndio waliovunja mlango. Hakuna hata mmoja wao wawili aliyemwambia neno la mwisho, na jambo hilo lilikaa kati yao kama mtu wa tatu mezani.

Kwa maana walikuwa wakikaa pamoja. Baada ya msiba, Kufuli alimchukua mjane wa kaka yake akaishi naye, na akamwombea kazi palepale kiwandani, katika chumba cha kufungia mifuko. Waliitana wifi, kama ilivyo desturi ya wake na dada za waume zao, na hawakugombana hata mara moja. Hilo nalo si jambo la kawaida. Mawifi wanaopendana hugombana. Hawa walipishana kwa adabu tu, kila mmoja akimwogopa mwenzake asije akalitaja lile.

Kufuli hakumwambia mtu juu ya sauti. Angemwambia nani? Lakini kesho yake alishuka tena, safari hii bila kazi ya maana. Akasimama, akangoja. Usingizi ule ukampanda, masikio yakaanza kuvuma, na hodi ikaja. Akatoka na machozi yamemlowesha shingo, na kichwa kinachouma mpaka jioni. Siku iliyofuata akashuka tena. Ikawa ndiyo mazoea yake.

Alianza kuona mambo madogo. Mende hawakuwemo tena kule chini. Panya aliyekuwa akitafuna mifuko alikutwa katikati ya sakafu, hana jeraha, amelala ubavu kama aliyepumzika. Kufuli alimtoa kwa koleo, akajiambia ni sumu ya wale wa jirani. Mtu akitaka kudanganyika hakosi cha kujidanganyia.

Jumamosi moja mchana alikuwa jikoni nyumbani na wifi yake wakichambua mchele. Wifi alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mikono isiyotulia, na siku hizo za karibuni uso wake ulikuwa umenawiri kwa namna ambayo Kufuli hakuielewa. Alikuwa akiimba kwa pua.

"Wifi," akasema bila kuinua macho, "kule kwako chini kuna nini?"

Punje za mchele zikateleza vidoleni mwa Kufuli. "Kuna mapipa. Kutakuwa na nini?"

"Usinifiche. Juzi nilishuka kurudisha koleo nililoazima. Nilikaa kidogo." Akainua macho, yanang'aa. "Na wewe umemsikia, au nimerukwa na akili?"

Kufuli alitaka kusema hapana. Neno likakataa. "Nimemsikia," akasema.

Wifi akatupa ungo pembeni, akamkumbatia, wakalia vile hawakuwahi kulia hata siku ya mazishi. Walipotulia, Kufuli akamshika mikono.

"Sikiliza. Mimi sijamjibu. Naogopa. Na wewe usimjibu, wifi, tafadhali. Hodi ya mtu tuliyemzika hujui ukiikaribisha kinaingia nini."

Wifi akaangalia pembeni. "Mbona nimeshajibu."

"Umesema nini?"

"Nimesema karibu. Ningesema nini? Ni mume wangu."

Kufuli akahisi baridi mgongoni, na jua la mchana linawaka dirishani. "Akafanya nini?"

"Amesogea," wifi akasema. "Hakusema kitu. Nilisikia tu amesogea karibu."

Tangu hapo mambo yakageuka. Kufuli akaanza kukiogopa chumba, na wifi akaanza kukipenda. Alitafuta visababu. Leo mizani ya juu imeharibika, anataka kupimia chini. Kesho amesahau glavu zake. Akirudi midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau isiyokolea, na anatabasamu peke yake. Wenzake wakasema amepata mchumba. Kufuli alipomkanya, wifi alimjibu kwa upole, "Wewe ulikuwa na kaka tangu utotoni. Mimi nilimpata juzi tu. Niachie."

Na Kufuli akamwachia, kwa sababu, tuseme ukweli, naye bado alikuwa akishuka. Alisimama mlangoni tu, siku hizo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama mwizi asiye na uzoefu.

Aliyekuja kuwakatiza alikuwa mkemia. Alikuwa binti mwenye miwani, mcheshi, aliyekuja kiwandani mara moja moja kupima kama unga uko sawa. Alimwamkia Kufuli shikamoo, akachukua chupa zake, wakashuka pamoja na fundi wa mashine aliyekuja kumsaidia kufungua vifuniko. Hawakufika hata mstari wa pili wa mapipa.

"Dada," mkemia akasema, akisimama ghafla, "hapa huwa unaumwa kichwa?"

"Kidogo."

"Na usingizi?"

Kufuli akatazama kule mwisho, kwenye matofali. Mkemia akaligusa pipa kwa kiganja, akakitazama kiganja chake. Akainua kifuniko. Unga wa kijivu haukuwepo. Badala yake kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo mwekundu, kimegandamana na kupasuka pasuka kama kidonda kikavu.

"Mbona giza hivi," fundi wa mashine akasema, akitoa kiberiti mfukoni. "Ngoja niwashe..."

Mkemia alimpiga mkono, kiberiti kikaruka mpaka ukutani. "Unataka kutulipua? Vumbi hili likitimka hewani linashika moto! Tokeni. Tokeni wote, sasa hivi, msikimbie, tembeeni."

Juu, kwenye hewa, aliwaketisha kwenye benchi, naye mwenyewe akakaa. Akawaeleza polepole. Chuma kikishika maji kinapata kutu, hilo kila mtu analijua. Lakini kutu haiji bure. Inatengenezwa kwa hewa ile ile anayovuta mtu. Msumari mmoja unakula hewa kidogo, hakuna anayegundua. Unga laini namna hii, mapipa kwa mapipa, umelowa, mifuko imechanika, dirisha limezibwa: unakula chumba kizima. Haunuki, haukohozi mtu, hauwashi macho. Mtu anaona raha tu, anasinzia, anaanza kuona na kusikia visivyokuwepo. Kisha anaanguka.

"Anasikia?" Kufuli akauliza.

"Ubongo ukikosa hewa unajitungia, dada. Wengine wanasikia muziki. Wengine wanaitwa majina." Akamtazama vizuri. "Wewe umesikia nini?"

"Masikio yanavuma tu," Kufuli akasema.

Mkemia alikwenda moja kwa moja kwa bosi, na kwa mara ya kwanza watu wakamwona bosi amekaa chini akisikiliza. Ikaamuliwa mwashi aje alasiri abomoe matofali kutokea nje, na watu wa zimamoto waje na kipima hewa chao. Mpaka hapo mlango wa chuma uachwe wazi ili hewa ianze kupita, benchi liwekwe juu ya mteremko, na mtu yeyote asishuke. "Na akianguka mtu mle," mkemia akawaambia wote waliokusanyika uani, "msimfuate. Anayemfuata naye anaanguka, ndivyo wanavyokufa wengi. Mwiteni mwenye vifaa." Wifi alikuwepo uani. Alisikiliza amekunja mikono, na Kufuli akaona lile tabasamu limemtoka usoni.

Mchana watu wakaenda kula. Kufuli hakuwa na njaa. Alikaa ofisini mwake akiangalia ukuta, akiwaza kwamba ikifika alasiri nyundo itagonga, hewa itaingia, na hodi ile hataisikia tena milele. Aliyaelewa maneno ya mkemia, tena aliyaamini. Lakini mtu anaweza kuamini jambo huku miguu yake inakwenda kwingine. Mara moja tu, akajiambia. Nitasimama mlangoni. Akavua viatu ili wapakiaji waliolala kivulini wasimsikie, akalizunguka benchi, akateremka peku juu ya saruji baridi.

Nusu ya mteremko akasita. Mlango haukuwa wazi. Ulikuwa umevutwa kutoka ndani mpaka ulipozuiliwa na kamba ya toroli, ukabaki na upenyo wa upana wa mkono.

Akauvuta. Taa ilikuwa inawaka. Kule mwisho, mbele ya ukuta wa matofali, wifi yake alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya toroli, miguu inaburura sakafuni, uso umegeukia mlangoni. Macho yalikuwa wazi nusu. Hayakumwona.

"Wifi!"

Mguu mmoja wa Kufuli ulikuwa umeshaingia ndani. Akapiga hatua ya pili. Utamu ule ukamvaa mara moja, mzito kuliko siku zote, na kutoka ukutani, juu ya kichwa cha wifi, sauti ikaja, wazi, bila haraka.

"Ho... di."

Ulimi wake ulikuwa umeshaliandaa jibu. Neno lilikuwa mdomoni, lina uzito kama ule unga. Kaka yake alikuwa pale, hatua chache, anangoja adabu ya mlango kama alivyongoja maisha yake yote, na kumnyima mtu karibu ni ukatili. Akakumbuka kiganja cha mkemia kilivyopiga kiberiti. Akafunga meno. Akauuma ulimi mpaka akaonja damu, akarudi kinyumenyume, bega likagonga chuma cha mlango, na akaupanda mteremko ule kwa mikono na magoti kama mtoto.

Juu akavuta hewa mara kadhaa, kwa kelele, kisha akaikamata kamba chini ya kapi na kuvuta. Haikusogea. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena huku akipiga ukunga ulioamsha uani pote. Wapakiaji wakaja mbio. Mmoja, kijana wa miraba minne aliyempenda wifi kimyakimya, alipoona kilichopo alirusha shati na kuanza kushuka. Kufuli akamdaka mshipi wa suruali.

"Ukiingia tutawatoa wawili!"

"Mama niachie, anakufa!"

"Kamata kamba! Nguvu zako nazitaka hapa!"

Akaikamata. Na wengine wakakamata. Toroli likakwama kwenye pipa, likalia, likageuka, likaja. Lilitoka mlangoni likiwa na mzigo wake umelala kama nguo iliyotupwa, mkono mmoja unafagia saruji. Mkemia alikuwa ameshafika, miwani mkononi. Alimlaza wifi chali uani, akamfungua kola, akampulizia pumzi zake mwenyewe mdomoni, akanyamaza kusikiliza, akampulizia tena. Ndege walikuwa wakipigana juu ya bati.

Wifi akakohoa.

Alilazwa hospitali, puani mpira wa oksijeni. Daktari akasema angechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Kufuli alikaa kando ya kitanda siku nzima iliyofuata, na ilipofika wakati wauguzi wanapofunga mapazia ili jua lisiwachome wagonjwa, wifi akageuza kichwa.

"Niliufunga mlango mimi," akasema, sauti kama karatasi. "Ukiwa wazi alikuwa haji."

"Usiongee. Utachoka."

"Nilikaa kwenye toroli nikimwangalia. Yaani ukuta. Nilimwambia karibu, akaja karibu kabisa. Nikamwambia, nisamehe sikuwepo. Hakunijibu hilo. Akaniuliza, uko na nani?" Akameza mate kwa shida. "Nikasema niko peke yangu. Akasema hapana, dada yangu yuko mlangoni, anaogopa. Mgeukie. Ndipo nikageuka."

Kufuli alihisi nywele za mikononi zinamsimama moja moja. Alikuwa peku. Alikuwa hajaita bado. Hata mlango hakuwa ameugusa. Tena wifi alikuwa ameshaanguka alipofika. Lakini kama wifi asingegeuka, angeangukia mbele, kati ya toroli na ukuta, na kamba ingevuta toroli tupu.

"Mkemia anasema ubongo unajitungia," Kufuli akasema mwishowe.

"Najua. Amekuja asubuhi ameniambia na mimi. Binti mzuri sana." Wifi akafumba macho. "Nimemwambia ndiyo."

Hawakulizungumza tena. Watu wa zimamoto waliingia wakiwa na mitungi mgongoni, na kipima hewa chao kikalia kama paka aliyekanyagwa kabla hata hawajafika katikati. Matofali yalibomolewa. Chuma kilichooza kikachukuliwa na watu wa taka za viwandani, wenye gari lao na barua zao za kibali. Bosi akahamishia unga mpya ghorofani, chumba chenye madirisha pande mbili, mapipa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila mfuko ukifunguliwa, hufungwa palepale, na vumbi likimwagika hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, halipeperushwi. Kuhusu chumba cha chini, mlango wake uling'olewa kabisa. Mwashi alisema alipoutoboa ule ukuta kutoka nje, ulimvuta. Alikuwa ameweka sikio kwenye tundu asikilize kama kuna maji, na hewa ikapita shavuni mwake kuingia ndani kwa nguvu, ndefu, kama mtu aliyezama anayeibuka. Mkemia akasema hilo ni jambo la kawaida, linaelezeka. Mwashi akakubali linaelezeka, ila kazi ya kumalizia akampa mwenzake.

Wifi aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mgomvi. Alidai madirisha yote yawe wazi, mvua inyeshe isinyeshe. Kufuli akasema mbu watawamaliza. Wifi akasema bora mbu. Kufuli akamwita mkaidi, wifi akamwita mtawala, sahani ikavunjika, wakanuniana, kisha mmoja akacheka, na mwingine naye akashindwa kujizuia. Siku ya pili wakagombana tena juu ya chumvi. Jirani akamuuliza Kufuli kulikoni nyumba ilikuwa kimya miaka yote. Kufuli akasema, "Tumeanza kujuana."

Jumapili moja baada ya hapo, Kufuli alikuwa amebandika maharage jikoni. Wifi alikuwa amejilaza mkekani sebuleni, chini ya dirisha, eti anyooshe mgongo tu. Usingizi ukamchukua. Kufuli alitoka jikoni kumuuliza habari ya kitunguu, akakuta amelala mdomo wazi kidogo, pazia linampigapiga bega. Akasimama. Kisha akavuta kigoda taratibu, akakaa karibu naye.

Kifua kikapanda. Kikashuka. Kufuli akajikuta anangoja kipande kile katikati, pale pumzi inapokuwa imetoka na nyingine haijaingia, na kila mara alikaza vidole mpaka ilipokuja. Ikaja. Ikaja tena. Harufu ya maharage yaliyokauka maji ikaanza kujaa sebuleni, halafu harufu ya kuungua, halafu jirani akaita kutoka uani kwamba jamani huko kwenu kuna sufuria inateketea. Kufuli alimsikia. Akamwashiria kwa mkono anyamaze, na hakunyanyuka.